Ndoo sita za maji, mita tisa kwa sita, na mume anayetaka nyanya tupu

SWALI

Mpendwa Mshauri,

Nakusalimu. Naandika kutoka Kibaha, ambako tulihamia miaka michache iliyopita mimi, mume wangu na watoto wetu wanne. Nyuma ya nyumba tuna kipande cha ardhi ambacho nimekipima kwa kamba nikapata mita tisa kwa sita. Udongo wake ni wa kichanga, na kwa urefu wake kinateremka kidogo kuelekea kwenye shimo la taka. Jua linapiga eneo lote isipokuwa upande wa juu, ambako mwembe wa jirani hutupa kivuli kuanzia saa tisa alasiri.

Vuli iliyopita tulilima eneo lote. Baada ya mvua ya kwanza nilinunua pakiti za mbegu za karibu kila mboga niliyoiona dukani, tukapanda mchicha, chainizi, karoti, bamia, bilinganya na nyanya kwa siku moja. Mchicha ulikuwa tayari wote kwa pamoja, tukala na kugawa kwa majirani mpaka watoto wakaukataa, na baada ya wiki chache nikawa nimerudi gengeni kununua kama kawaida. Karoti zilitoka fupi na zenye mapacha. Kilichotuumiza zaidi ni nyanya, ambazo pamoja na bilinganya tulizipanda upande wa chini, karibu na shimo. Zilikuwa zimestawi na zina matunda ya ukubwa wa ndimu, kisha mmea mmoja baada ya mwingine ukaanza kunyauka mchana huku majani yakiwa bado ya kijani. Jioni mmea unainuka, kesho yake unalala tena, na haukupita muda unakufa. Tulinyunyiza dawa mbili tofauti bila mafanikio yoyote, mwisho tukaing'oa yote na kuitupa shimoni. Bilinganya chache zilinusurika na zipo mpaka leo, ila wiki hii mmoja umeanza kulala mchana namna ileile.

Sasa vuli nyingine inakaribia. Mume wangu amepiga hesabu zake na anasema mwaka huu tupande nyanya tupu eneo lote, kwa kuwa mvua zikianza bei ya nyanya hupanda, na fedha tutakayopata itatosha kununua mboga nyingine. Mimi ninachotaka ni mboga ya kupika, kwa sababu mkono wangu uko gengeni karibu kila siku. Hatugombani, lakini kila tukikaa kuzungumza tunaishia palepale.

Maji ya bomba hutoka siku tatu kwa wiki na tunayahifadhi kwenye tangi la lita 1,000. Baada ya matumizi ya nyumbani naweza kutenga ndoo sita za lita 20 kwa siku kwa ajili ya bustani, si zaidi. Jirani yetu ana kuku wa kienyeji ambao hushinda kwetu. Samadi ya kuku tunaipata bila shida kutoka kwenye banda moja hapa mtaani, ingawa mwaka jana tuliiweka na miche mingine ikaungua.

Naomba unisaidie: tupande nini, kwa kiasi gani, na tuanze lini? Na huyu baba watoto nimwambie nini?

Mama wa wanne, Kibaha

JIBU

Dada yangu,

Barua yako imenifikia katikati ya Agosti, na huo ni wakati mzuri, kwa sababu mambo mengi ya bustani ya vuli hufanywa kabla tone la kwanza halijaanguka. Nitaanza na ule mbilinganya unaolala mchana, maana ndio utakaomjibu shemeji vizuri kuliko maneno yoyote nitakayoyaandika mimi.

Kabla haujafa, ukate shina lake karibu na ardhi kwa kisu kikali, kisha uchukue kipande cha urefu wa kidole kutoka sehemu hiyo ya chini. Kifute udongo, jaza maji safi kwenye glasi isiyo na rangi, na ukishikilie kipande hicho kwa kibanio cha nguo juu ya mdomo wa glasi ili ncha iliyokatwa izame kidogo tu ndani ya maji. Usitikise glasi, na muiangalie wote wawili mkiwa mmeiweka mbele ya kitu cheusi. Ikiwa ugonjwa ni mnyauko bakteria, ndani ya dakika chache mtaona utomvu mweupe ukishuka kutoka kwenye ncha ile mwembamba kama uzi wa maziwa, na ukiiacha glasi kwa muda mrefu zaidi maji yataanza kuwa na ukungu. Hao ni bakteria wenyewe, wanaotoka kwa wingi kwenye mishipa ya mmea waliyokuwa wameiziba, na ndiyo sababu nyanya zenu zilinyauka kana kwamba zina kiu wakati ardhi ilikuwa na unyevu.

Maelezo yako yananifanya nitarajie kuuona uzi huo, kwa kuwa kunyauka ghafla majani yakiwa bado ya kijani na mmea kujitutumua jioni kabla ya kufa ni dalili zake hasa. Usipoonekana, ng'oa mzizi wote taratibu, uoshe, na uangalie kama una vinundu vilivyovimba, ambavyo ni kazi ya minyoo fundo, viumbe wasioonekana kwa macho wanaopenda sana udongo wa kichanga kama wenu. Mara nyingi maadui hawa wawili hukutwa pamoja, kwa sababu minyoo hutoboa mizizi na bakteria huingilia kwenye majeraha hayo.

Dawa mlizonunua zilishindwa kwa sababu dawa za kunyunyiza majani hulenga ukungu na wadudu, ilhali bakteria huyu anakaa ndani ya shina na ndani ya udongo, ambako hakuna dawa ya dukani inayomfikia. Hubaki ardhini kwa miaka, na husafiri kwa maji yanayotiririka, kwa jembe na hata kwa udongo unaoganda kwenye viatu. Habari njema ni kwamba mteremko wenu unaelekea shimoni na nyanya zilikuwa upande wa chini, kwa hiyo maji ya mvua yaliuondoa ugonjwa kuelekea chini badala ya kuueneza bustani nzima. Mng'oe bilinganya zote zilizobaki, hata zile zinazoonekana nzima, mzichome zikishakauka, na msitumie takataka za shimo lile kutengenezea mboji. Kuanzia sasa kazi ya kila siku ianzie juu na kumalizikia chini, na jembe lioshwe kabla ya kurudi juu.

Jambo linalosahaulika ni kwamba nyanya, bilinganya, nyanya chungu, pilipili za aina zote, viazi mviringo na hata mnavu ni ukoo mmoja, na bakteria huyu anaujua ukoo wote. Kubadilisha nyanya kwa bilinganya au kwa nyanya chungu katika upande ule wa chini hakutakuwa kubadilisha zao kwa maana inayohitajika hapa. Upande huo upumzishwe na ukoo huo kwa misimu kadhaa, na ninaposema kadhaa sina maana ya miwili.

Sasa nije kwenye hesabu za shemeji, ambazo sizidharau. Ni kweli kwamba nyanya hupungua sokoni mvua zinaponyesha, lakini hupungua kwa sababu hiyohiyo itakayowaumiza ninyi: unyevu huleta magonjwa ya majani, na katika joto la Pwani, ambako hata usiku haupoi vya kutosha, maua mengi hudondoka bila kufunga tunda. Anayefaidi bei hiyo ni mkulima mwenye eneo kubwa, mwenye hali ya hewa ya ubaridi na mwenye fedha ya kunyunyiza dawa kwa ratiba, na matenga yake hushuka kutoka Ilula, Lushoto na Mgeta hadi masoko ya Dar es Salaam. Tuseme hata udongo wenu ungekuwa safi, bado mita 54 za mraba zenye ndoo sita za maji haziwezi kushindana na matenga hayo. Mbali na hayo kuna kantangaze, yule mdudu anayechimba majani na matunda ya nyanya, ambaye amewatia hasara hata wakulima wakubwa wenye vifaa.

Mboga za majani zina hesabu tofauti kabisa. Mchicha uliong'olewa asubuhi Morogoro unakuwa umelala kabla haujafika gengeni kwako, na ndiyo maana tangu zamani mboga hizi hulimwa ndani ya miji yenyewe, kwenye mabonde na viwanjani. Hapo ndipo bustani ndogo inapomshinda mkulima mkubwa. Shemeji akitaka fedha, mafungu ya matembele na ya mchicha yanayozidi chungu chako yatauzika kwenye genge lilelile unalonunua sasa, ingawa ningependa bustani hii ihesabiwe kwanza kwa fedha isiyotoka mfukoni, kisha ndiyo ihesabiwe kwa fedha inayoingia.

Tatizo la pili mlilolipata mwaka jana, yaani kushiba mboga wiki moja na kukosa wiki zinazofuata, halikutokana na udongo wala mvua. Lilitokana na kupanda kila kitu siku moja. Mpango nitakaokupa haukuanzia kwenye ukubwa wa eneo, umeanzia kwenye zile ndoo sita.

Katika jua la Pwani, bustani ya mboga isiyopata mvua inahitaji takriban lita tano za maji kwa kila mita ya mraba kwa siku. Ndoo sita ni lita 120, ambazo zinatosha mita 24 za mraba tu. Eneo lenu lote haliwezi kumwagiliwa, na hilo si jambo la kusikitikia, ni la kulipangia. Chora kwenye karatasi matuta matano yanayokingama mteremko, kila moja likiwa na upana wa mita 1.2 na urefu wa mita sita, na kati yake njia za sentimita 40. Upana huo si wa kubahatisha, kwa kuwa mtu aliyechuchumaa njiani anaweza kuufikia katikati kwa mkono kutoka pande zote mbili bila kukanyaga udongo uliolainishwa. Matuta matatu ya juu yana jumla ya mita 21.6 za mraba, ambazo ndoo zako zinazimudu hata mvua zikichelewa. Mawili ya chini yatasubiri mvua, na yasimwagiliwe kabla. Utabaki na ukanda mwembamba chini kabisa, kandokando ya shimo.

Kwa sababu udongo ni wa kichanga na vuli ni mvua ya kuvizia, matuta ya juu yawe mbonyeo, yaani uso wake ushuke sentimita kumi hivi chini ya njia, ili maji unayomwaga yakae yalipomwagwa badala ya kukimbilia chini. Masika ikifika mtafanya kinyume, mtayanyanyua, kwa kuwa mvua ya Machi hadi Mei huozesha mizizi iliyo shimoni. Mkishapanda na miche ikasimama, tandazeni nyasi kavu kati ya mistari, zisigusane na mashina. Mkiona mchwa wamezivamia, ziondoeni mahali hapo na mtandaze nyingine zikiwa chache zaidi.

Tuta la kwanza, lililo chini ya kivuli cha alasiri, lipewe chainizi na spinachi, ambazo hulishukuru sana jua linapopungua makali. Spinachi huvunwa jani moja moja la nje kwa miezi mingi, kwa hiyo miche ishirini inaitosha familia yenu. Karoti ziacheni. Zinapenda ubaridi na udongo laini usio na samadi mpya, na mapacha uliyoyaona hutokea mzizi unapokutana na kokoto au bonge la samadi.

Tuta la pili ni la mchicha peke yake, na hapa ndipo ninapotaka umakini wako wote. Ligawe kwa vijiti katika sehemu tatu za mita mbili mbili. Panda sehemu ya kwanza, subiri siku kumi, panda ya pili, subiri tena siku kumi, panda ya tatu. Mchicha wa kung'oa huwa tayari katika wiki tatu hadi nne, kwa hiyo muda mfupi baada ya kupanda sehemu ya tatu utakuwa unang'oa ya kwanza, unachanganya samadi kidogo na kuipanda tena. Kijiko kimoja cha chai cha mbegu kinatosha sehemu moja. Changanya mbegu hizo na kikombe cha mchanga mkavu ili mkono usizimwage zote mahali pamoja, chora vifereji vya kina kidogo sana kila baada ya sentimita 20, nyunyiza, fukia kwa udongo mwembamba, kisha funika kwa nyasi na umwagilie juu yake kwa kopo lililotobolewa matundu madogo. Nyasi hizo uziondoe jioni ile utakapoona miche inachungulia, kwa sababu ukichelewa siku mbili itakuwa imerefuka na kupauka. Angalia sisimizi pia. Wanabeba mbegu za mchicha moja moja hadi kwenye kichuguu chao, na watu wengi hulaumu duka la mbegu kwa wizi uliofanywa na wadudu hao. Majivu makavu yaliyozungushiwa pembeni mwa tuta huwapunguza.

Kuhusu viwavi wanaokunja majani ya mchicha, waokote kwa mkono asubuhi na uwaponde. Nakusihi usinyunyize kiuatilifu kwenye mboga hii. Kila kiuatilifu kilichosajiliwa kina kipindi cha kusubiri kabla ya kuvuna, kilichoandikwa kwenye kibandiko, na zao linalokaa bustanini wiki tatu halina nafasi ya kusubiri. Wadudu wakizidi, twanga majani ya mwarobaini, yaloweke kwenye maji usiku kucha, chuja, ongeza sabuni kidogo ili maji yashike kwenye majani, na unyunyize jioni jua likishapungua, kisha mboga uzioshe vizuri kabla ya kupika.

Tuta la tatu lichukue bamia mwanzoni mwake na matembele katika sehemu inayobaki. Mashina kumi na mawili ya bamia yanatosha nyumba yenu, nafasi ikiwa sentimita 60 kwa 30, mradi minyoo fundo isionekane kwenye mizizi uliyoichunguza, kwa kuwa bamia ni chakula wanachokipenda sana. Yataanza kuzaa karibu miezi miwili baada ya kupandwa, na yachumwe kila baada ya siku mbili, la sivyo hugeuka ugwe. Matembele hayahitaji kununuliwa. Omba marando kwa jirani, uyakate urefu wa sentimita 30, na ulaze nusu ya kila kipande udongoni jioni. Ndani ya wiki tano au sita unachuma ncha, na kadiri unavyochuma ndivyo yanavyochipua.

Matuta ya nne na ya tano ndiyo yenye ugonjwa. Huko pandeni kunde kwa ajili ya majani kwenye la nne, na mahindi machache ya kuchoma kwenye la tano, mistari miwili tu, maana hayamo katika ukoo wa nyanya. Ukanda wa chini kabisa upewe mashina mawili ya maboga yatakayotambaa kuelekea shimoni na kukupa msusa. Kisamvu cha mpira kipandwe nje ya wigo, kwa kuwa ni mti wa kudumu na kivuli chake kitakuwa adui ndani ya miaka michache.

Samadi ya kuku mliyonayo ni utajiri, ila mbichi ni moto. Anzeni wiki hii kuirundika kivulini ikichanganywa na majani makavu, muilowanishe kiasi, muifunike, na kila baada ya wiki moja muigeuze. Mwishoni mwa Septemba au mapema Oktoba itakuwa imepoa, inavunjika mkononi na haitoi tena harufu kali ya mkojo. Hapo ndoo mbili kwa kila tuta zinatosha, zikichanganywa na udongo wa juu.

Kuhusu kuku wa jirani, jenga wigo kabla ya kununua hata pakiti moja ya mbegu. Kuku watatu hufukua tuta lililopandwa asubuhi kabla hujamaliza kunywa chai, na ugomvi utakaofuata utakula muda mwingi kuliko kukata fito. Fito zilizosongwa na makuti zinatosha, mradi sehemu ya chini ishikane na ardhi. Jirani mwenyewe mpelekee fungu la mchicha wa kwanza, naye ataona sababu ya kuwafungia wakati wa kupanda.

Katika ununuzi, chukua mbegu dukani zenye lebo ya TOSCI, taasisi ya serikali inayothibitisha ubora wa mbegu, na tarehe ya mwisho wa matumizi iliyo mbele bado, na pakiti ikishafunguliwa ihifadhiwe kwenye chupa kavu iliyofungwa. Mbegu za kunde ulizonazo nyumbani zijaribiwe kwa kufunga kumi kwenye kitambaa chenye unyevu. Zisipoota nane ndani ya siku tano, tafuta nyingine.

Ratiba basi iwe hivi: Agosti hii ni glasi ya maji, wigo na rundo la samadi. Septemba mchimbe matuta na kuotesha miche ya spinachi na chainizi kwenye kitalu kidogo chenye kivuli. Mapema Oktoba mhamishie miche hiyo jioni, mpande sehemu ya kwanza ya mchicha, bamia na matembele, mkitegemea ndoo zenu. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa utabiri wa vuli kila mwaka kabla ya msimu, usikilizeni, lakini matuta ya chini yasipandwe kwa tarehe. Mvua ya kwanza huweza kuwa ya kudanganya. Chimba kwa mkono, na ukikuta unyevu umeshuka angalau shibiri moja, siku hiyo panda kunde na mahindi.

Wekeni pia mfereji wa bati kwenye ukingo wa paa. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya bati ni lita moja ya maji, kwa hiyo paa la mita 60 za mraba likipata mvua ya milimita 20 linatoa lita 1,200, na hata ukitoa yanayopotea tangi lenu linakaribia kujaa kwa mvua ya usiku mmoja. Hayo ndiyo yatakayobeba tuta la mchicha katika ukame wa Januari na Februari, wakati mboga gengeni zinapokuwa ghali na zenye majani yaliyochoka. Maji ya kuoshea vyombo yasimwagwe kwenye mboga za majani. Mpeni mpapai au mgomba.

Shemeji naye asiondoke mikono mitupu. Mwambie nyanya zake zina msimu wake, nao ni kipupwe, kuanzia Juni hadi Agosti, ambapo Pwani hupoa na mvua kubwa zimepita. Akusanye ndoo kuukuu za lita 20, nane au kumi, azitoboe chini, azijaze udongo ulioletwa kutoka mahali ambapo nyanya hazijawahi kulimwa uliochanganywa na samadi iliyooza, na aziweke juu ya matofali upande wa mbele wa nyumba, mbali na bustani. Mbegu za Tengeru 97 au Tanya zinamfaa kwa kuanzia, kwa kuwa si chotara na anaweza kuzalisha mbegu zake mwenyewe kutoka kwenye mmea usio na ugonjwa. Aoteshe kitaluni mwishoni mwa Aprili, miche ihamie kwenye ndoo wiki nne baadaye, mche mmoja kwa ndoo, kila mmoja na kijiti chake. Ndoo hizo zitahitaji maji lita moja na nusu hadi mbili kwa kila mche kwa siku, kwa hiyo kabla hajaongeza ndoo ya kumi na moja, aje kwanza akuulize wewe tangini kuna nini.